Mikono Mbele, Sauti Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shuleni walitufundisha kuanza barua na "mimi mzima, hofu ni kwako." Leo niruhusu niibakishe hofu huku kwangu, wewe kaa salama.

Usikasirike kwamba sipokei simu. Spika yake imekufa, na fundi anasema kuitengeneza ni sawa na kununua nyingine. Ujumbe wa simu nao vidole vyangu havielewani na vile vitufe. Tuandikiane kama zamani. Mwandiko wangu unaujua, ni kuku kakanyaga tope, lakini ulikuwa unausoma.

Kazi ipo. Mashine ya kusaga inaunguruma tangu asubuhi, mimi na wateja tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Jioni nyumba ni kimya. Tangu mama watoto atangulie mbele ya haki, nimekuwa nikikaa mezani na sahani moja nikiitazama kana kwamba itaniuliza habari za kazini.

Ndiyo maana nimejiunga na waendesha baiskeli. Usicheke. Kila Jumamosi kukipambazuka tunakutana kwenye kituo cha mafuta, watu kumi au zaidi, tunauzunguka mji wote kwa barabara ya mzunguko mpaka turudi tulipotoka. Ni safari ndefu, dada. Tunapita kiwanda cha saruji, tunapita jalala ambapo kila mtu anabana pua, tunapanda mlima mmoja ambao nikiufikia huwa natubu dhambi zote, hata za utotoni. Halafu kuna mteremko kando ya uzio wa uwanja wa ndege. Pale husukumi, unateremka tu, upepo unakuingia mpaka kwenye mikono ya shati. Siku ya kwanza nililia, nikasema ni vumbi.

Wananiita Pumba, kwa sababu nilifika na pumba za mahindi kwenye nywele na masikioni. Kiongozi wetu ni Kapteni, mtu wa benki, mkali wa saa. Yupo Nesi wa zahanati, mwanamke mwenye mapaja ya chuma na mdomo usiolala. Na yupo Kinyozi, huyuhuyu anayeninyoa.

Sasa nimepewa cheo. Mimi ndiye mkia. Msafara wetu una sheria moja: mikono mbele, sauti nyuma. Wa mbele anaona shimo, ananyoosha mkono chini, wa pili anamwiga, mpaka mkono unafika mwisho. Wa mwisho anasikia gari linakuja nyuma, anaita "Gari!" au "Lori!", na sauti inapokezanwa mpaka mbele, wote wanajibana pembeni. Wa mbele ni macho ya watu wote, wa nyuma ni masikio yao. Walinichagua kwa sababu simwachi mtu. Mwenye pancha nangoja naye, aliyechoka namsukuma mgongoni.

Niombee, dada. Niombee sana Jumamosi.

Mdogo wako,
Pumba


Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, masufuria ya shule yakichemka, nikaunguza maharage ya wasichana mia tatu. Dhambi hiyo ni yako.

Hebu niambie. Mtu mzima, mjane, ana wajukuu, anaenda kushindana na malori? Na cheo chenyewe mkia! Kwetu mkia ni wa ng'ombe, kazi yake ni kufukuza nzi.

Na hiyo simu, mimi si mtoto. Juzi nilipiga, ikapokelewa, nikasikia mashine yako nyuma, nikasikia unapumua. Nikaita jina lako mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kama kuna moto. Ukakata. Spika ilikufa, na wewe mdomo wako ulikufa? Kama umepata mtu mwingine wa kuoa, sema. Marehemu alikuwa rafiki yangu, lakini sitakulaumu. Mwanamume hawezi kula na sahani moja milele.

Lakini baiskeli acha. Sikio la kufa halisikii dawa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye mkuu wako niliyebaki.

Nakuombea kila Jumamosi kabla sijawasha moto. Nakutaja jina lako lote, si hilo la Pumba. Mungu asije akamtafuta mtu mwingine.

Dada yako,
Mpishi


Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Zile methali zako mbili zilinichoma, na hukujua unachoma wapi. Funga mlango wa jiko, kaa chini, halafu uendelee kusoma.

Sina mwanamke. Spika ya simu ni nzima. Masikio yangu ndiyo yamekufa.

Nilianza kudhani ni pumba zimeziba. Nikatia mafuta ya uvuguvugu, nikaosha kichwa, nikasali. Miaka yote hii kando ya ile mashine, dada. Sauti nyembamba zilitangulia kuondoka: ndege, kengele ya baiskeli, mjukuu wangu. Sasa hata nzito zinanifikia kama zimefunikwa blanketi. Kazini hakuna anayejua kwa sababu kule kila mtu ni kiziwi mpaka mashine izimwe. Nyumbani sina wa kunijua. Na watu wakisema nami uso kwa uso naisoma midomo, naitikia, nacheka wanapocheka.

Walipoutaja mkia ule, wote walikuwa wananitazama na kupiga makofi. Nilijua napaswa kukataa. Mdomo ukasema asanteni.

Nikanunua kioo kidogo, nikakifunga kwenye usukani. Ndicho sikio langu. Nakitazama zaidi ya barabara. Gari likitokea kwenye kioo naita, na wanajibana, na wananisifu: "Pumba ana masikio ya paka!"

Sasa sikiliza la Jumamosi. Mvua ilitukuta baada ya kiwanda cha saruji. Kioo kikajaa matone. Nikakifuta na kidole, kikawa na ukungu, sioni kitu. Nikasema moyoni, Bwana, simamisha magari ya dunia. Kabla sijamaliza, lori likanipita kiwikoni, dada. Kiwikoni! Maji yake yakanifunika mpaka kichwani. Sikuwa nimelisikia, sikuwa nimeita. Mbele yangu nikawaona wote wameshajibana pembeni kwenye matope, wakiwa wazima.

Tulipofika kwenye kibanda cha chai, Nesi alikuja, akanishika mabega yote mawili. Niliusoma mdomo wake vizuri, alikuwa karibu. Alisema, "Pumba, Mungu akubariki. Nilikusikia. Nilikuwa katikati ya barabara nakwepa dimbwi, nikasikia 'Lori!' Ungechelewa kidogo tu ningekuwa chapati."

Dada, mimi sikuita. Naapa sikuita. Nani aliita?

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ninaogopa lori, lakini zaidi naogopa ile sauti. Na ninaogopa kusema, unajua kwa nini. Wewe ndiye uliyekuwepo kwa mama.

Mdogo wako


Jumanne, 1 Aprili

Mdogo wangu, kipenzi cha mama,

Nimelia. Halafu nikaona aibu, maana nilikuwa nimekutukana kwa methali.

Nakumbuka. Homa ilipomla mama masikio, wiki ya kwanza watu walimpigia kelele, wiki ya pili walimwonyesha kwa vidole, baadaye wakasema "mwacheni, hasikii," naye ameketi palepale. Nakumbuka siku mjomba alipofariki. Kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia. Mama akaona viti vinaletwa, wanawake wanaingia, akavaa nguo yake ya njano, akatoka anatabasamu, akauliza ni harusi ya nani. Mimi ndiye niliyemrudisha ndani. Uso wake ule nitauona hata kaburini.

Kwa hiyo najua unachoogopa. Unaogopa nguo ya njano.

Lakini mama hakuwa amebeba roho za watu mgongoni. Wewe umezibeba. Aliyeita siku ya mvua ni malaika, mimi sina shaka. Mungu alituma sauti kwa sababu ya huyo Nesi, na kwa sababu ya maombi yangu, niruhusu nijisifu kidogo. Lakini malaika si kibarua wako, kwamba kila Jumamosi aripoti kazini saa kumi na mbili. Ametumwa kukuonya.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Na safari hii kilio kinaweza kuwa cha nyumba ya mtu mwingine.

Jumamosi ijayo usipande baiskeli kabla hujasema. Usiniandikie kingine, niandikie neno moja: nimesema.

Dada yako


Jumapili, 13 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata lile neno moja. Sijapata lolote.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikapiga simu. Akapokea mwanamume nisiyemjua. Nikasikia kelele za watu na vyuma vya machela. Nikasema mimi ni dada yake. Akasema, "Shikamoo dada, tuko hospitali, kuna aliyegongwa na lori, mzee hawezi..." Ikakatika. Nimepiga tena mpaka kidole kimeota sugu. Imezimwa.

Hawezi nini? Hawezi kuongea? Hawezi kupona?

Nimempa barua hii dereva wa basi mkononi, nimemwambia akimkuta msagishaji pale kwenye mashine amtazame kama ana miguu miwili. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa. Nisipopata jibu kufikia Ijumaa nakuja, na sanda nitakuwa nayo kwenye begi, Mungu anisamehe kwa kuandika hivyo.

Nijibu.

Dada


Jumanne, 15 Aprili

Dada,

Nina miguu miwili. Dereva alinitazama mpaka nikadhani nimemkosea. Ondoa sanda kwenye begi.

Alichotaka kusema yule mwanamume ni kwamba mzee hawezi kusikia simu. Chaji ikaisha hapo hapo. Nisamehe kwa siku ulizokaa na lile neno.

Sikusema, dada. Jumamosi ile ya kwanza nilifika na neno lako mdomoni, Kapteni akatazama saa, tukaondoka. Hakukutokea kitu, nikajidanganya. Jumamosi iliyofuata, juzi hii, Kinyozi hakuja, alikuwa na bwana harusi wa kunyoa. Kwa kawaida yeye huwa mbele yangu tu, wa pili kutoka mwisho. Safari hii mbele yangu alikuwa Nesi.

Mvua haikuwepo. Kulikuwa kweupe, ndiyo balaa yenyewe. Baada ya jalala barabara inakunja, na jua la asubuhi linakuja mgongoni. Likaingia kwenye kioo changu, kikawa moto mtupu. Naona duara jeupe, basi. Nikageuza shingo, na nilipogeuka tela la lori lilikuwa tayari ubavuni. Nesi alikuwa amejitanua kukwepa shimo, kwa sababu hakuna aliyemwambia asijitanue. Tela likaugusa usukani wake. Liligusa tu, dada. Akaruka kama nguo iliyopeperushwa kwenye kamba. Na yote hayo bila sauti. Nilimwona anafungua mdomo akiwa chini, na sikumsikia analia.

Ni mfupa wa bega. Umevunjika, lakini kichwa kizima, Mungu ni mkubwa. Hospitali wote walinizunguka kunipoza! Kapteni akasema, "Usijilaumu Pumba, upepo ulichukua sauti yako." Nesi mwenyewe, na maumivu yale, akasema, "Siku nyingine nakusikia, leo upepo." Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia, dada yangu! Nikatoka nje nikatapika kando ya bomba.

Kinyozi alikuwa amefika mbio na aproni yake bado ina nywele za bwana harusi. Akanifuata nje. Akanitoa simu mfukoni, kumbe ilikuwa inalia na mimi sijui. Ni wewe ulikuwa unapiga, akapokea yeye. Ilipokufa, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwake kama anavyonigeuza kwenye kiti chake, akasema polepole:

"Mzee wangu, tangu lini?"

Nikasema, "Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Mimi nakunyoa. Nikikuinamisha kichwa, mazungumzo yanakufa. Nikikuinua ukaniona kwenye kioo, yanafufuka. Siku moja nikakutukana nyuma ya kisogo, nisamehe, nilitaka kujua. Ukasema 'Amina.'"

Dada, hapo nilicheka nikiwa na matapishi kwenye ndevu.

"Siku ya mvua nani aliita?" nikamuuliza.

"Mimi. Na si siku ya mvua tu. Wiki zote hizi. Wewe huita likishatokea kwenye kioo, mimi huita nikilisikia. Wale mbele hawageuki, wanajua sauti inatoka nyuma, wanajua nyuma ni wewe."

Basi malaika wako huyo, dada. Ana mashine ya kunyolea na anadai watu wote mtaani.

Nilidhani atanikaripia. Akakaa chini kwenye saruji, mikono kichwani, akalia yeye. Akasema, "Nilidhani nakusitiri. Nikasema ni mtu mzima, nisimwaibishe. Leo nimekwenda kumpamba bwana harusi, nimekuacha peke yako na siri yangu na yako. Tumemvunja mwanamke wa watu sisi wawili."

Amesema hatanisemea. Amesema niseme mwenyewe. Lakini amesema atasimama ninapoweza kuuona mdomo wake.

Dada yangu, lori sikuliogopa hivi.

Mdogo wako


Jumatatu, 21 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeitoa sanda. Nimepiga magoti, nikambariki huyo kinyozi na mashine yake. Malaika nilimkosea sura tu.

Sina karipio lililobaki. Nina ahadi moja, na uikate uiweke mfukoni siku utakayosema. Mimi nikiwa hai, hakuna atakayesema "mwacheni, hasikii" ukiwa umeketi palepale. Sitapiga simu tena, nitaandika. Na siku akifa mtu kwetu, nitapanda basi nije nikuambie mwenyewe, usoni, nikiwa nimekushika mikono. Hutaona viti ukadhani ni harusi.

Nenda kaseme. Wakikufukuza, njoo huku. Nina jiko kubwa na wasichana mia tatu wanaopiga kelele, uziwi hapa ni neema.

Dada yako


Jumatatu, 5 Mei

Dada yangu,

Nimesema.

Ilikuwa juzi Jumamosi, pale kituo cha mafuta. Nesi alikuja na mkono wake umefungwa shingoni, kutuona tukiondoka tu. Ahadi yako ilikuwa mfukoni, imelowa jasho. Nikavua helmeti nikasema: "Ndugu zangu, mimi sisikii. Siku ile sikuita. Hakukuwa na upepo."

Halafu ikaja ile niliyoiogopa maisha yangu yote. Midomo yote ikaanza kutembea kwa pamoja. Watu kumi, dada, wanasema, na mimi sijui kama wananilaani au wanauliza. Kapteni akanipa mgongo, akazungumza na wenzake. Nikaona kisogo chake kinatikisika. Nilijua hivi ndivyo mama alivyoketi. Nikashika usukani nigeuze baiskeli niende zangu.

Kinyozi akapiga kelele. Sikuisikia, lakini niliona wote wameshtuka na kunyamaza. Akamshika Kapteni bega, akamgeuza, akaonyesha mdomo wake, akanionyesha mimi. Yaani: sema ukiwa unamtazama.

Wa kwanza kuja mbele yangu alikuwa Nesi. Alisogea mpaka nikaona meno. "Ungesema mapema, bega langu lingekuwa zima. Sijakusamehe bado. Najitahidi." Nikasema ni haki yake. Akasema, "Najua ni haki yangu. Sasa nitolee pumba hizo sikioni, nakuona bado unazo." Akazipukuta kwa mkono wake mzima.

Kapteni akasema, "Mkia basi. Umetoka." Lakini akaninyooshea kidole mbele, mbele kabisa, mahali pake yeye. "Kule hakuhitaji masikio. Kunahitaji macho na mikono. Kinyozi atakaa nyuma, si ndiye alikuwa mkia siku zote?"

Dada, usidhani niliondoka nikiimba. Sijawahi kuogopa vile. Nikiwa mkia, angalau niliwaona. Mbele huoni mtu. Ni barabara tupu, na nyuma yako kimya, kimya cha kaburi, na huko ndani ya kimya kuna watu kumi na malori yote ya mji. Tulipita kiwanda cha saruji. Tulipita jalala, palepale, nikafumba macho nikayafumbua haraka maana sasa ni macho ya watu wote.

Kwenye ile kona kulikuwa na lile shimo. Nikanyoosha mkono chini. Kisha nikatazama kioo; siku hiyo mawingu yalikuwa yamelifunika jua.

Msafara ulikuwa umejikunja kwenye kona, nikauona wote. Mkono wa aliyenifuata ukashuka. Na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mkono wangu huohuo ukitembea mpaka kwa Kinyozi mwishoni. Na ulipofika kwake, nikamwona anafungua mdomo. Halafu wa mbele yake akafungua. Halafu wa mbele yake. Neno lilikuwa linakuja kwangu, dada, nalitazama linakuja, mdomo kwa mdomo, mpaka kwa yule aliye nyuma yangu, nikalisoma kwenye kioo: Lori.

Nikajibana pembeni. Likapita, refu, na tela lake, na upepo wake ukanipiga shavuni.

Kisha tukaufikia mteremko wa uwanja wa ndege, na safari hii sikusema ni vumbi.

Bado naogopa. Usiache kunitaja Jumamosi, jina lote.

Mdogo wako,
Pumba, wa mbele